Macho ya njano

Tuliahidi kwamba mwezi huu tutaandika juu ya mitihani. Mtusamehe, mitihani itangoja. Tunataka kuandika juu ya filamu moja, na juu ya mtoto mmoja wa darasa la nne, na juu ya kosa letu sisi wenyewe.

Sisi ni walimu watatu wa kujitolea. Wawili tunapanga chumba kimoja, wa tatu ni dada yetu, yeye anakaa kwa wazazi wake. Jumamosi jioni tunakwenda kule New Congo kwenye kibanda cha video, chenye sola na televisheni moja kubwa. Kuingia ni shilingi 500. Kwa kawaida ni mpira, au karate, au filamu za Kinigeria ambazo mwisho wake unaujua tangu mwanzo. Lakini Julai 2025 dada yetu alitoka Mbarara na flashi, akatuambia: "Leo mtaona kitu. Ni filamu ya vipande, lakini ndani yake ni watu weusi, na wana nguvu za ajabu."

Wakubwa kidogo wanakumbuka Heroes ya Wamarekani, ile iliyoonyeshwa kuanzia 2006 mpaka 2010. Mule kulikuwa na Mjapani wa ofisini aliyesimamisha saa, na msichana wa shule aliyeumia akapona hapo hapo. Tuliipenda wakati tukiwa wadogo, ingawa kaseti zilikuwa zinakwama. Hii ya dada yetu inaitwa Supacell. Ilitoka Juni 2024 na imetengenezwa na Mwingereza mweusi anayejulikana kama Rapman. Msimu wake wa kwanza una vipande sita tu. Ni habari ya watu watano wa London ya kusini, watu wa kawaida kabisa. Michael anapeleka vifurushi kwa gari, Sabrina ni nesi, Andre ametoka gerezani na anatafuta kazi, Rodney anauza bangi kidogo kidogo, Tazer ni kiongozi wa kundi la vijana wa mtaani. Siku moja kila mmoja anajikuta na nguvu ambayo hakuiomba. Mmoja anaingia katika wakati ujao na kurudi, mwingine anasogeza vitu bila kuvigusa, mwingine anakimbia kupita gari, mwingine haonekani. Andre ana nguvu kama za ng'ombe kumi. Na nguvu ikiamka, macho yao yanawaka njano.

Mkumbuke hayo macho.

Kazi ya kutafsiri ilikuwa yetu. Kampala wana akina VJ Jingo wanaosema juu ya filamu kwa Kiganda, na watu wanacheka mpaka machozi. Sisi hatuna VJ, tuna walimu. Tulipokezana, mmoja anasimama karibu na televisheni anasema kwa Kiswahili. Lakini Kiingereza cha vijana wa London si kile tulichofundishwa sekondari. Tuseme ukweli, mara nyingi tulibahatisha. Mtu anasema maneno ishirini, sisi tunasema: "Amekasirika." Watu wakaanza kutucheka: "Mwalimu, huyo tumemuona amekasirika, lakini amesema nini?"

Hata hivyo filamu iliwashika. Nadhani ni kwa sababu nguvu haikuwaondolea shida. Bado walidaiwa kodi, bado polisi waliwasimamisha. Andre ana nguvu zote zile na kazi hapati, kwa sababu ya karatasi zake za gereza. Mzee mmoja Mkongomani alisema kwa sauti: "Huyo ni sisi. Nguvu iko, karatasi ndiyo hakuna." Kibanda kizima kikapiga makofi.

Si filamu ya watoto. Ina visu, ina matusi, ina bangi. Tuliwakataza watoto kuingia, na tuliona tumemaliza kazi yetu. Kumbe walikuwa nje wanachungulia kwenye matundu ya turubai, na Jumatatu darasani walijua kila kitu kuliko sisi.

Sasa mtoto. Hatutamtaja jina, ingawa wengi mtamjua. Ni wa darasa la nne lakini kwa mwili ungesema wa la pili. Mikono myembamba, tumbo limejaa kidogo, na macho yake weupe wake ni njano. Siku nyingine njano kidogo, siku nyingine kama limau. Alikuwa anakosa shule wiki nzima, halafu anarudi anasema miguu iliuma, mgongo uliuma. Tulimuuliza: jana mguu, leo mgongo, kesho nini? Tulimwita mvivu mbele ya wenzake. Siku moja ya mvua, mmoja wetu alimtuma na jerikani bombani kama adhabu ya kukosa shule. Tunaandika hili kwa sababu mama yake amelijua na ametusamehe, lakini sisi bado halijatutoka.

Kabla ya filamu watoto walimwita "Manjano" na kumcheka. Baada ya kipande cha tatu, mambo yakageuka. Wakaanza kumzunguka wakati wa mapumziko, wakamwangalia machoni kama daktari. "Huyu ndiye! Anayo nguvu lakini anaificha!" Sisi tulicheka. Tuliona ni vizuri, mtoto aliyekuwa anakaa peke yake sasa ana marafiki. Wakambebea begi. Mmoja akampa chapati nzima, na ninyi mnajua chapati nzima ni nini huku kwetu.

Ijumaa moja wakamwambia aonyeshe. Kama ni wa kukimbia, akimbie kutoka shuleni mpaka karibu na ziwa, wao watahesabu. Lilikuwa jua la saa nane. Naye akakimbia. Tulimuona akipita mbele ya ofisi, kifua mbele, anacheka. Hatukuwahi kumuona anacheka hivyo. Hakuna kati yetu aliyesema simama.

Usiku saa nne mama yake akagonga mlango wetu. "Walimu wangu, mutoto anakufa." Alikuwa amembeba mgongoni, na kila hatua mtoto alikuwa analia kwa sauti ambayo si ya mtoto. Magoti, mikono, kifua, vyote. Tulimpeleka kituo cha afya kwa boda. Wakamwekea maji ya dripu na dawa ya maumivu, na asubuhi gari la wagonjwa likampeleka Mbarara pamoja na mama. Sisi wawili tukafuata kwa taksi. Njia yote ile ya Isingiro, migomba kulia na kushoto, hatukuongea.

Hospitalini alichukuliwa damu akaongezewa nyingine. Siku ya pili daktari kijana akatuita na mama, akageuza karatasi na kuchora. Upande mmoja duara, upande mwingine kitu kilichopinda kama mwezi mchanga. Damu ya mtu ina vidonge vidogo vyekundu, alisema, vya mviringo na laini, vinapita hata kwenye mishipa myembamba kuliko unywele. Vya mtoto huyu vikikosa hewa ya kutosha vinapinda na kuwa vigumu. Basi vinakwama, vinazibana njia, kama boda boda zilizogongana kwenye daraja jembamba, na kule mbele nyama na mifupa inakosa hewa. Hayo ndiyo maumivu. Na vinakufa haraka. Kidonge cha kawaida kinaishi kama siku 120, vyake ni siku 10 mpaka 20. Vikivunjika vinatoa rangi ya njano, rangi hiyo inapanda machoni.

Baridi ya mvua inaamsha maumivu. Kukimbia sana juani bila kunywa maji kunaamsha maumivu. Daktari alivitaja vyote hivyo bila kujua anamwambia nani.

Yeye aliuita kwa Kiingereza, siko seli kama wanavyosema Waganda. Nesi mmoja aliyesomea Tanzania akasema kule ni selimundu, kwa sababu kimepinda kama mundu wa kuvunia mpunga. Mama alikuwa amenyamaza. Halafu akasema polepole: "Kumbe ni SS. Kwetu Bukavu tunasema SS. Mutoto wa yaya yangu alikufa nayo. Nilikuwa naogopa ile jina tangu mutoto huyu alivyokuwa mudogo." Kwa miaka mitatu, kila alipompeleka kupimwa mahali fulani, aliambiwa ni malaria, akapewa vidonge akarudi nyumbani. Na mara nyingine kweli ilikuwa malaria, ndiyo sababu hakuna aliyeuliza zaidi.

Turudi kwenye kibanda. Wiki mbili baadaye mtoto alikuwa nyumbani anapata nafuu, na kile kipande cha sita kilikuwa bado. Tuliona aibu kukionyesha, lakini watu walikuwa wamelipa na walitaka kujua mwisho. Sisi wenyewe hatukuwa tumekiangalia kabla. Usiku huo dada yetu ndiye alikuwa anatafsiri. Na mama wa mtoto alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, amekuja na jirani yake kupumzisha kichwa.

Filamu ikafika mahali pale wanapogundua ni kitu gani kinawaunganisha hawa watu wa nguvu. Na mule ndani wakalisema lile neno. Siko seli. Kwamba wote wanatoka katika familia zenye ugonjwa huo, na ndiyo chanzo cha nguvu yao.

Dada yetu akanyamaza. Watu wakangoja. Mmoja akapiga kelele: "Mwalimu, amekasirika?" Watu wakacheka, yeye hakucheka. Sauti ikatoka nyuma, ya mama: "Mwalimu, hiyo neno umemeza, mimi nimeisikia. Waambie."

Basi akawaambia. Wakasimamisha filamu, na kibanda kikageuka darasa mpaka karibu saa tano, mwenye sola analalamika betri inaisha. Na maswali yale hatukuweza kuyajibu yote siku hiyo. Ndiyo maana tulinunua bando, tukasoma, tukarudi Mbarara kumuuliza yule daktari, na haya tunayowaandikia ndiyo tuliyoyapata.

Swali la kwanza lilikuwa la kijana mmoja: kwa hiyo ni kweli, huyu mtoto ana nguvu? Hapana. Hapo filamu imechanganya, lakini haikutoka hewani kabisa. Kila mtu amepewa herufi mbili za damu, moja ya baba, moja ya mama. AA ni mtu asiye na kitu. SS ni mgonjwa. AS ni mzima, analima, anacheza mpira, anaweza kuishi mpaka uzee bila kujua. Na AS ndiye mwenye kitu kinachofanana na nguvu ya filamu, kwa sababu malaria kali haimpati kirahisi. Aliyelithibitisha ni Anthony Allison, Mzungu aliyekulia kwenye shamba Kenya. Alipima watu mwaka 1949 akaona pwani na kando ya Ziwa Victoria damu ya AS ni nyingi, na kule milimani penye baridi, penye mbu wachache, ni chache. Akafanya kazi Kenya na Uganda, akaandika matokeo mwaka 1954. Miaka mingi baadaye watafiti wa Kilifi waliona AS inakinga malaria kali kwa karibu asilimia 90. Lakini mwenye SS hana kinga hiyo. Yeye malaria inamuua upesi kuliko mtoto mwingine. Kwa hiyo chandarua cha huyu mtoto kisiuzwe hata kama nyumbani hakuna posho. Tunajua tunachosema, na mnajua tunaongea na nani.

Swali lingine: mbona Wanyankole majirani zetu hawaujui sana? Uganda nzima, watoto wadogo walipopimwa 2014 na 2015, karibu 13 katika kila 100 walikuwa AS. Lakini huku kusini-magharibi ni wachache zaidi. Kule Bundibugyo, mpakani na Congo, tangu 1949 walikuta karibu nusu ya Wabamba wana AS. Sisi tumetoka sehemu mbalimbali, tumekuja na magodoro na sufuria, na damu zetu tumekuja nazo.

Swali gumu lilikuwa la baba. Baba wa mtoto aliondoka zamani. Aliondoka akisema kwao hakuna ugonjwa huo, mwanamke ndiye ameuleta, au ndugu za mwanamke wamemroga mtoto. Wapo wengi wanaosema hivyo hapa kambini, tusidanganyane. Darasani tulitumia maharage. Baba ana punje mbili mfukoni, nyekundu na nyeupe. Mama naye mbili, nyekundu na nyeupe. Wote ni wazima. Kila mmoja anatoa punje moja bila kuangalia. Mtoto akipata nyekundu mbili, ni SS. Hawezi kuzipata kwa mama peke yake. Tulirudia mara mia moja na wanafunzi, tukaandika ubaoni. Nyekundu mbili zilikuja mara 27, ni karibu na robo. Mwanafunzi mmoja wa kike akauliza: "Kama wa kwanza ni mgonjwa, si watatu wanaofuata watakuwa wazima?" Hapana, kwa sababu punje zinarudishwa mfukoni. Kila mimba ni upya. Alikaa chini taratibu sana, na tulijua kwao kuna wawili.

Mama aliomba karatasi yenye maelezo ya maharage. Tulimwandikia. Hakusema anampelekea nani.

Kuhusu dawa: mtoto anakunywa vidonge vya foliki kila siku, maji mengi, na wamemwanzishia vidonge vya haidroksiyurea. Hiyo dawa inausaidia mwili kutengeneza tena damu ya aina ile aliyokuwa nayo tumboni mwa mama, ambayo haipindi. Ilijaribiwa kwa watoto wa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, na matokeo yalitolewa 2018: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria pia, na vifo. Haiponyeshi. Lazima apimwe damu mara kwa mara, ndiyo kusema nauli ya Mbarara mara kwa mara, na hapo ndipo tabu ilipo. Uingereza na Marekani mwaka 2023 waliruhusu matibabu mapya yanayorekebisha chembe za mgonjwa mwenyewe. Marekani bei yake iliyotangazwa wakati huo ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Mzee wetu wa kibanda aliposikia alisema hiyo sasa ndiyo filamu.

Mtoto amerudi shuleni. Anakuja na chupa ya maji, na ana ruhusa ya kutoka kukojoa bila kuomba. Siku za mvua anakaa mbali na dirisha. Watoto hawamwiti Manjano tena. Lakini na begi hawambebei tena, na hilo limemuumiza, tunaliona. Alituuliza: "Mwalimu, sasa mimi niko nani kwenye ile filamu?" Tulimwambia tutafikiri. Bado tunafikiri.

Limebaki jambo letu. Tulipokuwa Mbarara mara ya pili, tulipimwa sisi wote watatu. Tuliona haifai kuwafundisha watu kitu ambacho sisi tunakikimbia. Wawili ni AA. Dada yetu ni AS.

Mnajua wote kwamba posa yake imepelekwa. Shemeji ni seremala Mbarara, mtu mpole, kwao ni Uvira. Tukabishana usiku kucha. Mmoja wetu alisema wakikuta wote ni AS, bora waachane mapema. Mwingine akasema hapana, wapo wanaooana wakijua, wanapima kila mtoto anapozaliwa, na mtoto akianza dawa na chanjo mapema anaishi. Dada yetu alitusikiliza, halafu akasema: "Mmemaliza? Si ninyi mtakaozaa." Na mama yake mzazi hataki kusikia habari ya vipimo, anasema wao walioana bila herufi.

Shemeji alipopigiwa simu alinyamaza muda mrefu, mpaka dada yetu akadhani salio limekwisha. Kisha akauliza kipimo kinafanyika wapi. Alhamisi alituma ujumbe kwamba amechukuliwa damu na majibu ni Jumanne. Gazeti hili linachapwa Jumatatu.